UZI: Chakula cha msaada kikifika mvua ishaanza, mkulima ashapoteza msimu mwingine (Ukambani na kaskazini mwa Kenya)

MbaaziNaKunde:

Salaam wakuu. Kila ukame ukitajwa humu kuna ubishi unazuka, wengine wanasema chakula cha msaada kimeharibu watu wa maeneo kame wamezoea kungoja lori, wengine wanasema bila hilo lori watu wangezikwa kila siku. Mi nimezaliwa Kitui upande wa kusini na mpaka leo nalima huko, ndengu, kunde, mbaazi na mtama kidogo, na naomba niseme ninachokiona maana huo ubishi hautufikishi popote. Kinachotumaliza sisi ni kuchelewa. Msaada unakuja ndio, lakini unakuja mtu akishauza ng'ombe wa kulima na akishakula mbegu, na hapo hata mvua inyeshe vizuri namna gani huyo mtu msimu ule ashaukosa.

Tukumbushane ya juzi tu. Kuanzia vuli ya 2020 mpaka vuli ya 2022 mvua ilitukataa misimu mitano mfululizo, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Septemba 2021 Rais Uhuru akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Kufika mwisho wa 2022 waliokuwa wanahitaji chakula haraka walikuwa kama milioni 4.4 na mifugo iliyokufa kwenye kaunti kame ilikuwa imepita milioni 2.4. Sasa angalieni tarehe vizuri. Tangazo limetoka vuli ya 2020 ishapotea na masika ya 2021 ishapotea, na tangazo lenyewe sio chakula, baada ya tangazo kuna vikao, kuna tenda, kuna lori, kuna kuandikisha majina kwa chifu, ndio mtu aone kilo zake za mahindi.

Nieleze vile inaendaga nyumbani. Msimu wa kwanza ukikataa mnakula kilicho ghalani, hakuna anayelia sana, tumezoea. Kuku wanaanza kuuzwa. Halafu mbuzi, na hapo ndio pabaya kwa sababu kila mtu anauza mbuzi wakati mmoja, sokoni mbuzi anashuka na gorogoro ya mahindi inapanda, mbuzi aliyekuwa ananunua gunia zima sasa ananunua nusu. Msimu wa pili baba anaenda Mombasa au Nairobi kutafuta kibarua, mama na watoto wanabaki wanachoma makaa, ile miti ya ukingoni mwa mto inaisha. Msimu wa tatu ng'ombe wa jembe anaenda, na ng'ombe hauzwi mmoja maana wanalima wawili, ukiuza mmoja yule wa pili anakuwa hana kazi naye anafuata. Mwisho kabisa ni mbegu. Kwetu mahindi ya mbegu yanaachwa na maganda yake, yanafungwa pamoja yananing'inizwa juu ya meko, moshi unayapaka masizi mpaka yanakuwa meusi, wadudu hawayagusi. Ukiingia jikoni kwa mtu ukainua macho ukaona kamba tupu inaning'inia huna haja ya kuuliza hali, hao washakula msimu ujao.

Halafu mvua inanyesha. Hapo ndipo watu wa mjini wanashangilia na waandishi wa habari wanarudi Nairobi, eti ukame umeisha. Wakuu, kwetu mwezi mgumu kuliko yote ni huo wa mvua. Ardhi imelowa, majani kila mahali, ukipita kwa gari utasema hawa watu wana nini cha kulalamikia, na ndani ya nyumba hakuna kitu mpaka kunde za kwanza zikomae, na kazi ya kulima na kupalilia ndio inataka nguvu kuliko wakati wowote. Mtu amekunywa uji mwepesi asubuhi, anaenda kuchimba kwa jembe la mkono shamba ambalo mwaka juzi alililima kwa ng'ombe. Mvua ya vuli kwetu ni fupi, ukichelewa kupanda wiki mbili mahindi yanakauka yakianza kubeba. Ndio maana wenye uwezo wanapanda kwenye vumbi kabla tone la kwanza halijaanguka. Asiye na ng'ombe wala mbegu hawezi, yeye anaenda kwanza kulimia mwenzake ndio alipwe mbegu, akirudi kwake mvua iko nusu. Amevuna kidogo, mwaka unaofuata anaingia ukame akiwa chini kuliko alivyoingia ule wa kwanza.

Kwa hiyo swali langu kwa wadau ni hili: kwa nini chakula na pesa zisifike wakati mtu bado ana ng'ombe wake na mbegu zake? Utabiri upo. Pale Ngong kuna ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha kanda yetu, kila mwaka mwisho wa Agosti hivi wanatoa makisio ya vuli, na ile miaka mitatu ya La Niña walisema mapema mvua itakuwa chache. NDMA, ile mamlaka ya taifa ya ukame, inatoa taarifa kila mwezi kaunti kwa kaunti, hii iko tahadhari, hii iko hatari. Tunajua. Tunangoja tu mpaka picha za mizoga zionekane kwenye runinga.

KanyagaTwende:

Mkuu umeandika vizuri ila mi sikubaliani na wewe kabisa. Watu wa Ukambani wanapewa chakula tangu enzi za mkoloni mpaka leo, na kila uchaguzi mnapewa magunia na mnapiga kura vile mnaambiwa. Israel ni jangwa na wanalima. Hapa mtu ana shamba ekari kumi anapanda mahindi kila mwaka yanakauka kila mwaka na mwaka ujao anapanda mahindi tena. Mpaka lini? Mi naona hayo mapesa ya msaada yangechimba mabwawa makubwa mambo yangeisha.

MbaaziNaKunde:

KanyagaTwende nakuheshimu na swali lako ni la haki, lakini kuna mambo hapo umeyafunika.

Hilo la siasa ni kweli na linaniuma sana. Magunia kupigwa picha na mheshimiwa, majina ya ndugu wa mzee wa kijiji kuandikwa kwanza, hayo tunayaona kwa macho na mtu akisema hapendwi. Lakini hilo la kwamba watu wamekaa tu wanangoja, hapana. Nenda Machakos uangalie vilima. Miaka ya 1930 wataalamu wa mkoloni walikuwa wanaandika kwamba nchi ya Wakamba imekwisha, udongo umeenda wote na mto, wakaamua dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu, ndio 1938 Muindi Mbingu akaongoza watu kwa miguu mpaka Nairobi kudai mifugo yao irudishwe. Baadaye hao hao waliosemwa wamekwisha wakachimba matuta ya fanya juu kilima kwa kilima. Unachimba mtaro unafuata usawa wa mlima, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi kwenye ukingo, maji yakija yanasimama yanazama, na miaka ikienda shamba lenyewe linajisawazisha linakuwa kama ngazi. Kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, kina mama wengi, wanaimba wanachimba, leo kwako kesho kwangu. Kati ya 1932 na 1990 watu wa Machakos ile ya zamani (pamoja na Makueni) waliongezeka mara tano na zaidi na bado udongo ulishikika vizuri kuliko mwanzo. Sasa mtu aniambie hao ni wavivu.

Na Yatta pale Askofu Titus Masika alianzisha kitu anakiita Operation Mwolyo Out, mwolyo ndio chakula cha msaada kwetu, watu wakachimba vidimbwi vya maji kila boma na kulima kwenye mashimo ya zai, yale madogo yanayoshika maji ya mvua. Inafanya kazi, nimeenda nikaona. Lakini angalia ni nini kinahitajika kuchimba kidimbwi: mtu aliyeshiba. Mwili uliokaa na njaa hauchimbi futi nane za mwamba laini. Hapo ndipo chakula na kilimo vinakutana, na ndio maana mpango wa chakula kwa kazi ukifanywa mapema na vizuri naupenda, unakula huku unachimba kitu kitakachobaki.

Kuhusu mabwawa makubwa, Galana Kulalu tuliambiwa ekari milioni moja, shamba la mfano peke yake lilikuwa ekari 10,000 na miaka imeenda bei ya unga iko pale pale. Turkana 2013 wakatangaza bahari ya maji chini ya ardhi huko Lotikipi, walipokuja kuyapima vizuri wakakuta yana chumvi. Mi sipingi makubwa, yajengwe. Ila tumbo la mtoto wa Mutomo haliwezi kungoja mradi wa miaka kumi.

Kwa mahindi nakuunga mkono nusu. Yanakauka ndio. Ila watu wanayapanda kwa sababu ndio yanayoliwa, ndio yenye soko kila mahali, na mtama unataka mtu wa kufukuza ndege kuanzia alfajiri, kazi ambayo zamani ilifanywa na watoto na sasa watoto wako shule kama inavyotakiwa. Hayo ndio mambo mkulima anayapima kichwani, wala hajakosa akili.

LodwarKwetu:

Nashukuru kwa uzi huu. Mnaongea mashamba na mi niongee mifugo maana huku kwetu Turkana ukisema mbegu mtu hakuelewi, mbegu yetu ni mbuzi jike. Mzee akibaki na mbuzi jike kumi mvua ikirudi baada ya miaka miwili mitatu ana zizi. Akibaki bila hata mmoja huyo anahamia kando ya barabara na haondoki tena hapo. Kwa hiyo maneno ya MbaaziNaKunde kwamba saa ndio kila kitu yanatuhusu sana.

Kuna kitu kilifanya kazi huku na watu wa huko kwenu hawakijui. Ule mpango wa serikali wa kugawa pesa, HSNP, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kaya kama laki moja zilikuwa zinapewa shilingi 2,700 kwa mwezi, inaingia kila miezi miwili 5,400 kwenye akaunti. Ni pesa ndogo, lakini inafika ukame uwe ama usiwe, na ukame ukija wanatazama setilaiti, majani yakipungua kupita kiwango kaya zingine zaidi zinaongezwa bila kungoja mkutano wa mtu. Mama anajua pesa inakuja, duka linamkopesha kwa sababu mwenye duka pia anajua inakuja, na mbuzi anabaki zizini. Hiyo kukopesheka ndio siri yenyewe. Zile siku pesa ilichelewa miezi na miezi duka nalo likafunga mkono, mambo yakarudi kuwa mabaya vile vile.

Halafu kuna bima ya mifugo ya setilaiti ambayo ILRI, wale watafiti wa mifugo, waliianza Marsabit Januari 2010, malipo ya kwanza yakatoka Oktoba 2011 ule ukame mkubwa. Hawaji kuhesabu mizoga, wanaangalia ukijani wa malisho kutoka juu. Wazo la sasa ni pesa itoke kabla mnyama hajafa, ili ununue majani na maji na dawa, na kwa akili yangu hilo ndilo sahihi maana fidia ya ng'ombe aliyekufa hairudishi ng'ombe, wakati huo hakuna anayekuuzia jike zuri. Shida ni watu wengi hawajaielewa, mtu analipia mwaka mzima mvua inanyesha halipwi kitu, anaona kaibiwa. Inataka mtu wa kwao amweleze kwa lugha yake, kijana wa Nairobi na karatasi hawezi.

Na serikali ikinunua mifugo dhaifu kupitia KMC, kiwanda chake cha nyama, inunue wakati bado wanatembea. Wakishaanguka ni kupeleka lori kubeba mifupa.

MgogoHalisi:

Wakuu wa Kenya salamu kutoka Dodoma. Aisee huu uzi nimeusoma wote. Huku kwetu Ugogoni nako ni ukame tu miaka nenda rudi, mvua ni msimu mmoja, ikikata imekata. Wazee wetu wanakumbuka njaa za miaka ya sabini na themanini na ule unga wa njano kutoka Marekani, wenyewe waliuita unga wa Yanga, watoto walikuwa wanaukataa lakini ndo uliwavusha, sitaki kuudharau.

Ila kuna jambo nataka niongeze ambalo watu hawalitaji, msaada unakuja na vyake. Yule mdudu dumuzi anayetoboa mahindi mpaka gunia linabaki unga mtupu, sisi wengine tunamwita Skania, asili yake ni Amerika ya Kati huko, hakuwepo Afrika. Alionekana kwetu upande wa Tabora mwishoni mwa miaka ya sabini kuingia themanini na inaaminika aliingia na shehena ya mahindi kutoka nje. Kufika 1983 ameshavuka yuko Taveta kwenu. Leo kila mkulima Afrika Mashariki ananunua dawa ya kuhifadhia kwa sababu ya mdudu yule. Kwa hiyo chakula kikinunuliwa jirani hapa hapa ni bora mara mia, tunafanana wadudu, tunafanana mahindi meupe, na pesa inabaki kwa mkulima wa Rukwa na Songwe.

Na jirani kununua kwa jirani inawezekana jamani. Zambia walitangaza janga la taifa Februari 2024, El Niño ilikausha karibu hekta milioni moja ya mahindi kati ya milioni 2.2 walizopanda. NFRA yetu, wakala wa akiba ya chakula ya taifa, ikakubaliana nao kuwauzia tani 650,000. Nyanda za juu kusini zilikuwa na ziada na wao wana njaa, barabara ya Tunduma ipo. Sasa kila nchi ikipata hofu kidogo inafunga mpaka, hapo tunajiumiza wenyewe. Mnakumbuka vile vita vya mahindi Kenya na Tanzania pale Namanga, 2021 malori yalikaa eti sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi. Sumukuvu ni hatari kweli sibishi lakini ipimwe kwa lori, isifungiwe nchi nzima.

MamaNdengu:

Naomba niingie hapo kwa sumukuvu maana mi natoka Makueni na hilo jambo sisi tumelizika. 2004 watu 125 walikufa huku kwetu na Kitui, waliougua walipita 300, ini linaharibika macho yanakuwa manjano mtu anaondoka. Yalikuwa mahindi ya nyumbani, yamevunwa hayajakauka, na kwa nini yalivunwa mabichi? Njaa na wizi. Mtu ana njaa anavuna mapema, anaogopa kuibiwa anayalaza ndani ya nyumba chini kwenye udongo. Kwa hiyo hata sumu ile mwanzo wake ni njaa ya msimu uliopita, kama alivyosema mwenye uzi kila kitu kinashikana.

Kikundi chetu cha kina mama sisi tulianza na benki ya mbegu. Kila mama akivuna anarudisha mbegu alizochukua na kidogo juu, tunakausha kwenye turubai, sio chini, ukiuma punje inalia kaa! hapo imekauka, ikibonyea bado. Tunaziweka kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, unafunga la ndani kwanza unalisokota unalikunja, halafu la pili, halafu gunia la nje, mdudu anakosa pumzi anafia ndani na hutii dawa. Ndengu za N26, kunde za M66, mbaazi na Katumani ya mahindi. Ile misimu mitano mibaya tulipungukiwa sana, msimu wa nne karibu tugawane tule, kukawa na maneno makali hata machozi, mama mmoja ana mjukuu mgonjwa na mbegu ziko hapo kwenye mfuko. Utamwambia nini? Tulichanga tukamnunulia unga. Lakini si kila kikundi kina cha kuchanga.

Ndio nasema kwa wenye mamlaka, msaada ukija Agosti mbegu yetu inabaki kwenye mfuko. Ukija Novemba mnatuletea na mbegu za dukani ambazo wengine hatuzijui zimetoka wapi, msimu mmoja tuliletewa na mradi fulani mahindi ya nyanda za juu, yanayokaa shambani miezi sita, huku kwetu mvua ni miezi miwili. Yalirefuka mazuri kabisa yakakauka bila kubeba.

DerevaWaMasafa:

Mi nimebeba hicho chakula miaka, Mombasa bandarini mpaka kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab na huko Wajir, kwa hiyo niseme upande wangu. Watu wanadhani chakula kinachelewa njiani. Njiani ni siku chache tu hata barabara ikiwa mbaya, mvua ikinyesha ndio tunakwama, na hilo nalo linamuunga mkono mwenye uzi maana ukingoja mpaka mvua malori yanazama kwenye matope. Kuchelewa kwenyewe kuko mbali huko. Sheria ya Marekani ya msaada wa chakula ni ya 1954, nafaka inanunuliwa kwa wakulima wao, na angalau nusu yake inatakiwa ipande meli zenye bendera yao ambazo ni ghali. Hapo miezi imeenda kabla mi sijawasha injini.

Na sasa hata hiyo imeyumba. Januari 2025 misaada ya Marekani ikasimamishwa, ule mtandao wa kutoa tahadhari za njaa wa FEWS NET ukazimwa siku hizo hizo, na Julai mosi 2025 USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa. Kakuma mgao ukakatwa watu wakaandamana. Nimeona maghala ambayo tulikuwa tunapanga foleni kushusha, unafika unashusha saa hiyo hiyo, hakuna foleni. Sisi madereva tumepoteza kazi lakini wale tuliokuwa tunawapelekea wamepoteza zaidi. Wanaosema msaada ukome watu wajitegemee, haya umekoma sehemu, na sijaona shamba limeota kwa sababu hiyo.

KanyagaTwende:

Dereva umenigusa. Basi niulize kwa nia njema, kama pesa ndiyo inayosaidia kwa nini tusitoe pesa tu kila mahali, chakula cha lori tuachane nacho kabisa?

MbaaziNaKunde:

Swali zuri na jibu linategemea soko. Njaa ya 1984 Wakamba tuliipa jina Nikw'a Ngwete, nafa nikiwa nimeshika, pesa ilikuwa mfukoni na dukani hakuna kitu cha kununua. Siku kama hizo ukituma pesa unapandisha bei tu, aliye na kidogo ananyang'anywa na aliye na zaidi. Lakini 2022 maduka ya kwetu yalikuwa na unga, watu ndio hawakuwa na pesa, na hapo kuleta lori la mahindi ni kumfilisi mwenye duka ambaye ndiye alikuwa anatukopesha. Ikija wakati watu wanavuna inamuua na mkulima, ndengu zako ziko kwenye mkeka na bei imeanguka. Kwa hiyo aende mtu sokoni aulize bei kabla ya kuamua, NDMA wana vijana wanaofanya hivyo kila mwezi, data iko. Mi ningeanza na pesa mapema, kisha lori mahali soko limekufa, na chakula shuleni kisikatike hata msimu mmoja. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, walianza kulisha shule Kenya 1980 na 2018 wakaikabidhi serikali, mtoto anayekula shuleni ni sahani moja imepungua nyumbani, na ni sababu ya yeye kutotolewa darasani aende kuchoma makaa.

MamaNdengu nimesoma ulichoandika mara mbili. Hilo la mjukuu kila kikundi kingekuwa na mfuko mdogo wa dharura mbali na wa mbegu, na kaunti ingeweka kianzio. Pesa ya kusafirisha wajumbe kwenye warsha moja ya hoteli ingetosha wadi nzima.

MakueniDoha:

Wakuu niko Qatar kazini, mamangu yuko Makueni peke yake na wajukuu. Kila mwezi natuma pesa ya chakula na kila mwaka ni hivyo hivyo. Nimeweka akiba kidogo. Nifanye nini nayo kabla ya vuli, nimnunulie tangi, nichimbe kisima, ama ninunue ng'ombe? Naomba ushauri wa watu wanaojua.

MbaaziNaKunde:

Ndugu yangu pole na kazi, na mama yako ana bahati. Kisima cha kuchimbwa na mashine usianze nacho, ni laki nyingi na huku kwetu mara nyingi unakuta maji ya chumvi au hukuti kabisa. Anza na paa. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo nyumba ya mita 50 za mraba, vuli ikinyesha milimita 300, ni lita 15,000, toa kidogo kinachopotea. Weka mifereji kamili pande zote mbili maana watu wengi wananunua tangi la maana halafu mfereji ni wa upande mmoja. Hayo ni ya kunywa na kupikia, na mama haendi tena mtoni na mtungi.

Cha pili ni matuta. Lipa vijana wa kijiji wachimbe fanya juu kwenye shamba sasa hivi kabla ya mvua, huo nao ni msaada maana wao pia wana njaa na wanahitaji hicho kibarua mwezi huu, usingoje. Kama kuna mto wa mchanga karibu uliza kama kuna kikundi cha bwawa la mchanga uchangie, ukuta unajengwa kwenye mwamba, mchanga unajaa nyuma yake misimu miwili mitatu, maji yanakaa ndani ya mchanga jua haliyafikii. Makueni ina sheria yake ya mchanga tangu 2015 kwa hiyo wakija watu wa malori usiku kuchota mchanga mama na majirani wana pa kushtaki.

Ng'ombe mnunue jozi ikiwa mama ana mtu wa kuwalisha, na mwaka huu majani yapo? Kama hayapo nunua mbuzi jike wachache na usubiri. Mbegu nunua Agosti, dukani Septemba mwisho hazipatikani au ni feki. MamaNdengu mko wadi gani, huyu mama anaweza kuingia kwenye benki yenu ya mbegu?

MamaNdengu:

Anaweza kabisa kama ni upande wetu wa Kathonzweni. MakueniDoha nitumie ujumbe wa ndani uniambie kijiji. Tunakutana Jumanne baada ya soko, aje na mfuko safi na kitambulisho, mbegu atachukua kama wengine na atarudisha akivuna. Na mwambie kikao cha bajeti ya wadi kikiitwa aende, tunataka kina mama wengi mle ndani mwaka huu tudai pesa ya ukame itengwe na ianze kutoka siku NDMA inapotangaza tahadhari, tusingojee tena mpaka itangazwe dharura.

MakueniDoha:

Asante sana mama, nimekutumia. Nampigia leo jioni.